Shingo ya Mzee Mgaza

Kabla hujashika kisu, tazama shingo. Kama mtakumbuka sentensi moja tu katika haya ninayoandika, iwe hiyo.

Nawaandikia ninyi mnaoanza kazi ya ukaguzi wa nyama, na ninyi mnaochinja, na kijana yeyote mwenye mzazi anayelalamika kwamba viatu vimeanza kumbana. Mimi nilikagua nyama kwa miaka thelathini na ushei, kwanza Handeni, kisha Korogwe. Sasa nimestaafu, naishi Kwamndolwa, nalima mahindi, na jioni nasoma vitabu vya mitumba vya mwili wa binadamu ambavyo sikuvipata wakati nilipovihitaji. Mimi si daktari wa watu. Nilisomea mifugo, ngazi ya cheti. Moyo niliujua kwa kuupasua: mitano au sita kila asubuhi, na siku za sikukuu zaidi, kwa sababu mkaguzi haruhusiwi kuupitisha moyo mzima mzima. Lazima uukate, ufungue vyumba vyake, utafute viluwiluwi vya tegu ndani ya misuli. Wenye mabucha hawakunipenda kwa hilo. Mteja anataka moyo usio na jeraha.

Lakini moyo ninaoufikiria kuliko yote sikuwahi kuupasua wala kuuona. Ulikuwa wa Mzee Mgaza, mchinjaji wa Handeni, mwalimu wangu na mtani wangu. Nilitambua kwamba unashindwa kazi kabla yake mwenyewe, kabla ya mkewe, kabla ya daktari yeyote. Na nilimwambia. Namna nilivyomwambia ndiyo iliyonifanya niandike.

Niwaeleze utani kwanza, maana wengi wenu siku hizi mnaukuta misibani tu. Babu yangu alitoka Unyamwezi kuja kukata mkonge Mazinde, akiwa manamba, na hakurudi. Baba alizaliwa kambini, nami nikazaliwa kambini, hivyo Tabora naijua kwenye ramani. Hata hivyo, machoni pa Mzee Mgaza mimi nilikuwa Mnyamwezi kamili, na yeye Mzigua, na Mnyamwezi na Mzigua ni watani tangu enzi za misafara ya miguu. Mtani anaweza kukutukana mbele ya wakwe zako, akachukua kofia yako akaondoka nayo, akakucheka siku ya msiba wako, na wewe huruhusiwi kukasirika. Mzee alinizidi miaka ishirini na zaidi. Kila alfajiri nilimwamkia kama mtoto anavyomwamkia mzazi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mpagazi. Leo umebeba mzigo wa nani?"

Hapo adabu ilikwisha na kazi ikaanza.

Wiki yangu ya kwanza Handeni aliletwa dume mwekundu kutoka mnadani, kidari kimejaa hadi kinatikisika akitembea. Nilimzunguka, nikampima joto, nikaandika kwenye daftari: afya nzuri, amenona. Mzee Mgaza alikuwa ameketi kwenye ndoo iliyogeuzwa, ananoa kisu, wala hakuinua macho.

"Umeona nini?"

"Ng'ombe mzuri, mzee. Ana nyama."

"Nyama iko wapi?"

"Kidarini."

"Bonyeza."

Nikabonyeza. Kidole changu kiliacha shimo, na shimo halikujirudi.

"Nyama gani hiyo inayobaki na shimo kama ugali? Hayo ni maji. Sasa tazama shingo, mpagazi, achana na kidari."

Nikatazama. Kando ya koo, kutoka taya hadi kifuani, palikuwa na mshipa mnene kama mpini wa jembe dogo, umejaa, ingawa dume alikuwa ameinua kichwa. Ng'ombe mzima akiinua kichwa, mshipa ule hushuka na kulala bapa, usiuone mpaka uubane kwa kidole. Wa huyu haukulala.

Baada ya kuchinjwa tulimfungua. Mfuko unaouzunguka moyo, ambao kwa kawaida ni mwembamba kama karatasi, ulikuwa mnene kama mpira wa tairi, na ndani yake maji yenye harufu ambayo sitawaeleza. Katikati kulikuwa na kipande cha waya, urefu wa kidole changu cha kati. Niliutambua mara moja, maana nilikua nikiuchezea: waya wa kufungia marobota ya katani. Ng'ombe hachagui anapokula. Hung'oa majani pamoja na kilichomo, na chuma huzama kwenye tumbo la pili, lile lenye vyumba kama sega la nyuki. Tumbo hilo limekaa nyuma tu ya moyo, na kati yao pana kiwambo kimoja. Kila tumbo likijikaza, waya husogea mbele kidogo. Dume yule alikuwa ametembea miezi na waya ukielekea moyoni, na mimi niliandika kwamba amenona.

Tulimzika pamoja na chokaa. Mzee Mgaza aliomba daftari langu, akaweka kidole penye neno lile. Alisoma polepole, lakini alisoma.

"Futa," akasema.

Alinifundisha moyo juu ya zege, kwa kidole gumba. Aliukata akaufungua kama kitabu, akanitaka nibane ukuta wa kulia kisha wa kushoto.

"Upi mnene?"

"Wa kushoto. Kama mara tatu."

"Kwa nini?"

Sikujua. Chuoni nilikariri majina, hakuna aliyeniuliza kwa nini.

"Huyu wa kulia anapeleka damu kwa jirani, kwenye mapafu, basi. Huyu wa kushoto anapeleka mpaka kwato, mpaka ncha ya mkia, mpaka utosini. Anayechota maji kuyapeleka jikoni na anayeyabeba mpaka Korogwe hawawezi kuwa na misuli sawa." Akanitazama. "Babu yako bila shaka alikuwa huyu wa kushoto."

Vitabu vimeniongezea majina, lakini mpango ni uleule alionionyesha. Moyo si pampu moja. Ni pampu mbili zilizoshirikiana ukuta, zinazopiga kwa pamoja. Kila moja ina chumba cha juu kinachopokea na chumba cha chini kinachosukuma. Damu iliyokwisha kutumika mwilini hurudi upande wa kulia, husukumwa mapafuni, hupata hewa safi, hurejea upande wa kushoto, kisha husukumwa mwili mzima. Halafu hurudi tena kulia. Hakuna mahali inapoishia. Mwenu ninyi ni hivyohivyo, ila moyo wenu ni wa ukubwa wa ngumi yenu, na wa ng'ombe huujaza mkono na kumwagika.

Kati ya chumba cha juu na cha chini pana mlango, ambao vitabu huuita vali. Mlango huo ni utando mwembamba, na ungegeuzwa nje kama mwavuli kwenye upepo kama usingeshikiliwa kwa chini na nyuzi nyeupe zilizofungwa kwenye misuli. Mimi mtoto wa kambini sikuhitaji mfano. Ni katani tupu. Zivute, utaona zilivyo ngumu kwa unene wake. Ile sauti ya dumdum mnayoisikia mkiweka sikio kifuani si moyo unaogonga ubavu. Ni milango inafungwa: kwanza hii ya ndani, halafu ile ya kutokea mishipani.

Akanionyesha mishipa. Ateri ni ile inayotoka moyoni: ukiikata inabaki wazi kama mpira wa bustani, kwa sababu ukuta wake ni mnene na unavutika, lazima ustahimili kila pigo. Vena ni ile inayorudi moyoni: ukiikata inalala kama soksi. Kati ya hizo mbili kuna mishipa midogo kuliko unywele, haionekani kwa jicho, na humo ndimo damu inamotoa chakula na kuchukua taka. Nje ya moyo wenyewe, katikati ya mafuta, utaona mishipa myembamba inayoutambaa kama mizizi. Hiyo ndiyo inayoulisha. Moyo umejaa damu saa zote, lakini haunywi ile iliyomo ndani yake. Ni kama mpishi wa shughuli: sufuria zote ziko mbele yake, na yeye husubiri sahani yake iletwe.

Siku ile alichokonoa kwenye shina la ateri kuu akatoa kifupa, kama urefu wa kiungo kimoja cha kidole, kilichopinda. Ng'ombe mzima anacho. Binadamu hana. Alikiosha akanipa.

"Weka. Sisi Wazigua tunazaliwa nacho. Ninyi mpaka mpewe."

Kiko hapa mezani ninapoandika.

Ninyi mnaochinja, mzee angetaka niwaambie hili. Yeye alikata koo na mishipa yote miwili mikubwa kwa mkato mmoja, kwa kisu kisichohitaji kurudiwa, kisha akasimama kando. Aliyekimbilia kuvunja shingo au kuchoma moyo ili amalize upesi alimfukuza. "Mwache afanye kazi yake ya mwisho," alisema. Alimaanisha moyo. Unaendelea kupiga kwa dakika kadhaa, na ndio unaoikamua damu kutoka kwenye nyama. Ukiuzuia, damu hubaki mle, na nyama huwa nyeusi na kuharibika kabla ya jioni. Vivyo hivyo ng'ombe aliyeswagwa siku nzima juani: mpumzishe, mpe maji, mchinje kesho yake. Moyo uliochoka haukamui.

Mtu wa pili aliyenifundisha damu nilikutana naye mara moja tu, mnadani. Alikuwa mfugaji wa Kimaasai wa rika langu, na alikuwa anamtoa ng'ombe damu ya kunywa. Alifunga kamba ya ngozi chini ya shingo, karibu na kifua, akaikaza. Mshipa ukavimba juu ya kamba, upande wa kichwa. Akaupiga kwa mshale mfupi wenye kizuizi usizame, damu ikaruka kwenye kibuyu. Kilipofika kiasi alichotaka alifungua kamba, akabana jeraha kwa vidole, na damu ikakoma kana kwamba amefunga bomba.

"Kwa nini umefunga chini?" nikamuuliza. "Kwa nini usifunge juu, karibu na kichwa?"

Alinitazama kama mtu anayeulizwa kwa nini anaingilia mlangoni.

"Damu hii inashuka. Inarudi nyumbani. Wewe ukifunga lango la boma jioni, ng'ombe watajaa wapi? Ndani au njiani?"

"Njiani."

"Basi, umejijibu."

Maelezo mazuri kuliko hayo sijayaona kitabuni, na nimevisoma vingi. Mshipa wa shingo ni njia ya kurudi nyumbani. Ukiuona umejaa, usiulaumu mshipa. Nenda ukatazame lango.

Baadaye nilihamishiwa Korogwe. Mzee Mgaza alibaki kwake Chanika, mjini Handeni. Nilikuwa namtembelea kila Idi ya kuchinja, kwa sababu siku hiyo watu walimwita nyumba hadi nyumba na aliniambia hawezi kuchinja vizuri bila Mnyamwezi wa kumkasirisha.

Idi moja nilimkuta uani kwake, ameketi wima kwenye kigoda, kanzu imefunguliwa kifungo cha juu, watu kama ishirini wamemzunguka wakisubiri visu. Nilimwamkia. Alipogeuka kuniitikia niliuona. Mshipa wa shingo ulisimama kutoka kwenye mfupa wa mtulinga hadi chini ya sikio, umejaa, ukitetemeka kidogo. Na alikuwa ameketi wima. Mtu akiketi wima mshipa ule hauonekani, damu yake imekwisha kushuka. Nikatazama miguu. Hakuvaa viatu vyake vya sikukuu. Alivaa kandambili, na mikanda ilikuwa imezama kwenye nyama ya mguu.

Nilijua. Sikukisia, nilijua, kama nilivyojua kuhusu ng'ombe wangapi sijui tangu yule dume mwekundu. Na mbele ya watu wale wote, mkubwa wangu akiwa ameketi na mimi nimesimama, midomo yangu ilifunguka ikatoa kitu pekee ilichozoea kumpa.

"Jamani," nikasema kwa sauti, "huyu mzee nani alimpitisha? Tazameni shingo hiyo! Angeletwa kwangu Korogwe ningemzika na chokaa!"

Watu walicheka hadi mmoja akakaa chini. Mzee Mgaza naye alicheka, akakohoa, akafuta macho.

"Mnamsikia? Miaka yote hii bado hajui kutofautisha ng'ombe na Mzigua. Mpeni mzigo abebe, hicho ndicho anachokiweza."

"Na miguu hiyo, mzee?"

"Nimenenepa. Ninyi watu wa katani hamjawahi kuona mtu aliyeshiba."

Wakacheka tena. Na mimi nikacheka. Nilimshikia mbuzi wanne, nikala pilau, nikaaga. Ndani ya basi la kurudi nilijiambia kwamba nimeshamwambia. Huo ndio uongo niliojipa: kwamba neno likitamkwa limefika. Ningeweza kumvuta kando. Ningeweza kumwambia Bi Mwanaidi, mkewe. Lakini kumwambia mzee kwa uso mkavu kwamba nimeona kwake nilichozoea kuona kwa ng'ombe, bila utani wa kuifunika aibu hiyo, niliona ni utovu wa adabu. Katika utani niliweza kumwambia lolote, ila sikuweza kumfanya aliamini.

Miezi mitano ilipita. Siku moja Bi Mwanaidi alinipigia simu.

"Mtani, mzee halali."

"Ana mawazo?"

"Akilala chali anaamka anatafuta hewa kama mtu aliyezama. Analala kwenye kiti sasa. Na amenikataza nisimwambie mtu."

Siku iliyofuata nilikuwa Chanika, na tulimpeleka hospitali. Tabibu alikuwa kijana mwenye maneno machache. Alimlaza nusu, kwa mito, akamgeuza kichwa, akatazama shingo muda mrefu. Nilijua anachotazama. Akabonyeza miguu, akasikiliza mgongo, akapima msukumo wa damu mara mbili. Alieleza kwamba kwa miaka mingi msukumo ulikuwa juu bila mzee kuhisi chochote, na upande wa kushoto wa moyo, ukisukuma kila pigo dhidi ya mzigo huo, ulinenepa kwanza, kisha ukalegea. Ukilegea, damu inarundikana nyuma yake: kwenye mapafu, ndiyo maana hawezi kulala chali, kisha upande wa kulia, kisha shingoni, kwenye ini, miguuni. Lango limefungwa nusu, ng'ombe wamejaa njiani. Waya haukuwepo, lakini shingo ilikuwa ileile.

"Dalili zilianza lini?" tabibu akauliza.

Mzee Mgaza alinyoosha kidole kwangu.

"Muulize huyu. Yeye anazijua tangu Idi."

Tabibu alinitazama. Sijawahi kutazamwa hivyo, hata na mwenye ng'ombe niliyemkatalia.

Alisema kuna dawa, na zitamsaidia, ila angekuja mapema moyo usingekuwa umetanuka kiasi hicho. Aliyasema kwa upole, akiandika.

Tulipotoka, mzee aliniegemea begani. Alipumzika mara tatu kabla ya kufika barabarani. Mara ya tatu akasema, "Uliniambia, mtani. Sikatai. Lakini uliniambia huku unacheka."

"Nisamehe, mzee."

"Nimekwisha kukusamehe. Lakini tuwekeane sharti. Kuanzia leo, neno la kweli likija, tangulia kusema 'sitanii'. Nami nitasema hivyohivyo. Yasiyo na neno hilo, tuyacheke."

Ndivyo zilivyoanza Ijumaa zetu. Kila Ijumaa nilipanda basi la asubuhi kwenda Handeni. Akitoka msikitini tulikaa barazani, yeye kwenye kiti cha kuegemea, mgongo kwenye mito miwili, kichwa kimegeuka kidogo kushoto. Nilijifunza kwa tabibu yule na nawapa bure. Tafuta kwenye mfupa wa kifua lile tuta dogo chini kidogo ya koo. Simamisha rula hapo, wima. Tazama kwenye shingo mahali ambapo mtetemo wa mshipa unaishia, upande wa juu, kisha pima ni sentimita ngapi juu ya tuta. Kwa mtu mwenye afya haizidi tatu, au nne. Usiichanganye na ateri: ateri inagonga kidole chako, vena haigongi, inaonekana tu, na ukiikandamiza kidogo kwa chini ule mtetemo unapotea.

Ijumaa ya kwanza mzee alikuwa na tisa. Nikaandika.

"Nimepita?" akauliza.

"Hujapita. Rudi wiki ijayo."

"Mkaguzi huyu ana roho mbaya, Bi Mwanaidi. Hana hata mfupa moyoni."

Vidonge vya kupunguza maji vilimpeleka chooni mara nyingi kuliko alivyopenda, na Bi Mwanaidi aliondoa chumvi kwenye mboga, jambo ambalo mzee alilieleza kwa kila mpita njia kuwa ni njama ya Wanyamwezi. Lakini shingo ilishuka. Saba. Sita. Tano. Alianza tena kulala chali. Siku moja alivaa viatu vyake vya sikukuu, siku ambayo haikuwa sikukuu, akatembea navyo hadi uani na kurudi ili tu nimwone. Kwa mwaka mmoja na miezi kadhaa tulikuwa na Ijumaa. Nimefanya kazi kwa miaka mingi, na kazi ninayotamani kurudishiwa ni ile ya saa moja kwa wiki, na rula ya shule.

Kisha ikaanza kupanda tena. Sita. Nane. Tabibu aliongeza dawa, ikashuka kidogo, ikapanda. Moyo uliotanuka ni kama mpira wa manati uliovutwa kupita kiasi: unaurudisha, lakini haurudi pale ulipokuwa. Nilimwambia mzee.

"Sitanii," nikaanza.

"Najua," akanikata. "Niliona ulivyoandika ile namba. Uliiandika polepole."

Alifariki Jumanne moja alasiri, kitini, na redio inazungumza.

Siku ya mazishi watani tulikuwa na kazi yetu. Jeneza lilipotoka mlangoni nilisimama njiani nikanyoosha mikono.

"Wekeni chini! Mnampeleka wapi huyu? Hajakaguliwa!"

Waliobeba wakasimama. Kicheko kidogo kikapita kwa watu, kile cha misibani, na kikaisha, wakisubiri niendelee. Mtani hodari angewazuia pale kwa robo saa. Mimi nilitazama sanda na maneno yakakauka. Bi Mwanaidi, aliyekuwa amesimama mlangoni na wanawake wenzake, ndiye aliyeniokoa.

"Kagua, mtani," akasema. "Kila Ijumaa alikuuliza kama amepita."

"Apite," nikasema, nikasogea.

Sasa mnaelewa kwa nini nawaambia mtazame shingo. Kuiona tu hakutoshi, mimi niliiona mapema kuliko wote. Ukiiona kwa mzazi wako, au kwa mkubwa wako kazini, au kwa mtu ambaye umezoea kumchekesha tu, mvute kando na umwambie kwa uso mkavu. Aibu yake itakwisha kabla ya jua kuzama. Ile miezi mitano mimi ninayo bado.

Kuna Ijumaa moja, ya mwisho, ingawa hatukujua. Nilikwisha kumpima, nikaandika, nikafunga daftari. Akaninyang'anya rula.

"Leo zamu yangu. Kaa hapa."

Aliniketisha kwenye kiti chake, akaweka mito, akanigeuza kichwa kwa kidole kama alivyokuwa akigeuza kichwa cha mbuzi. Aliinama, akatazama, akihema.

"Hamna kitu. Wanyamwezi wote mliimaliza damu njiani, mkibeba pembe za watu."

"Pima vizuri, mzee."

"Nyamaza, ng'ombe hasemi."

Kisha akaacha rula, akashika mkono wangu. Alitumia vidole viwili, cha shahada na cha kati, kama nilivyomfundisha, si gumba, kwa kuwa gumba lina mapigo yake na litakudanganya. Vidole vyake vilikuwa baridi. Hakuwa na saa. Midomo yake ilicheza, akihesabu kimya, na Bi Mwanaidi alisimama na sahani ya ndizi mlangoni asitukatize. Alihesabu muda mrefu kuliko inavyohitajika.

"Unapiga vizuri," akasema mwishowe, bila kuuachia mkono. "Uko salama, mtani. Sitanii."